Kuzima injini gari likisimama: lini uzime, wapi usizime, na jinsi ya kuzima bila kuumiza betri

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, maongezi vijiweni huwa yale yale: petroli imepanda kiasi gani, dizeli imeshuka kiasi gani. Bei hatuna uwezo nayo. Tulicho nacho mikononi ni yale mafuta yanayoungua wakati gari halisogei hata hatua moja, na kwa mtu anayetoka Mbagala, Kimara au Tegeta kila asubuhi kwenda mjini, mafuta hayo si haba.

Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa mwenye gari dogo la petroli, zile IST, Vitz, Demio, Corolla na Raum zilizojaa barabarani. Wa dizeli, haibridi, bodaboda na daladala wana sehemu yao huko chini.

Injini inakula kiasi gani ikiwa sailensi tu

Kuna kanuni rahisi inayotumiwa na Wizara ya Maliasili ya Kanada: chukua ukubwa wa injini kwa lita, zidisha kwa 0.6, unapata lita zinazoungua kwa saa moja gari likiwa sailensi, yaani limesimama huku linaunguruma. Injini ya cc 1500 ni 1.5 mara 0.6, sawa na lita 0.9 kwa saa. Idara ya Nishati ya Marekani nayo inataja robo galoni hadi nusu galoni kwa saa, yaani karibu lita 0.95 hadi 1.9, kutegemea ukubwa wa injini na kama AC imewashwa. Na sisi wa Pwani AC tunaiwasha.

Tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme kwa siku nzima, kwenda na kurudi, unasimama jumla ya nusu saa kwenye visimamo virefu, vile ambavyo gari halisogei kabisa. Hiyo ni lita 0.45. Tuweke bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: unapata shilingi 1,350 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 29,700. Kwa familia nyingi hiyo ni gesi ya kupikia, au sehemu nzuri ya ada ya mtoto. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Lakini si kuwasha ndiko kunakokula mafuta mengi? Imani hiyo imetoka kwenye magari ya kabureta, ambayo dereva alikuwa akikanyaga moto (pedeli ya mafuta) mara mbili tatu kabla ya kupiga stata na petroli ikamwagika bure. Gari la nozeli halifanyi hivyo, kompyuta yake inapima tone la mafuta linalohitajika. Maabara ya Argonne ya Marekani walilipima suala hili, wakaona kwamba injini ikikaa sailensi zaidi ya sekunde 10 inatumia mafuta mengi kuliko kuizima na kuiwasha tena.

Sasa usiichukue hiyo sekunde 10 ukaanza kuzima kila unapogusa breki. Hizo ni sekunde za mafuta peke yake. Stata ina gharama, betri ina gharama. Wakanada hao hao, wakipima mafuta pamoja na uchakavu, wanashauri sekunde 60. Mimi nasimamia hapo: kama una uhakika kwamba gari litasimama dakika moja au zaidi, zima. Kama huna uhakika, acha.

Hatua ya kwanza: hakikisha gari lako linaweza

Kabla ya kuzima barabarani hata mara moja, jiulize swali moja: gari langu likiwa la moto, linawaka kwa stata moja fupi? Lijaribu nyumbani baada ya safari. Zima, subiri dakika mbili, washa. Rudia baada ya dakika tano, kisha baada ya kumi. Kuna magari yanayowaka vizuri asubuhi yakiwa ya baridi lakini yakishapata moto yanazungusha stata muda mrefu ndipo yawake. Huo ni ugonjwa wake, mara nyingi sensa ya krenki au pampu ya mafuta, na gari la namna hiyo halifai kuzimwa katikati ya Morogoro Road. Litibu kwanza.

Betri nayo ipimwe. Fundi umeme yeyote ana mita. Gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2 ujue imeshuka chaji au imechoka. Ukiwasha injini, mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4; isipopanda, tatizo ni alteneta, na hapo kila stata unayopiga unakopa usichoweza kulipa. Angalia pia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale husababisha stata ikose nguvu hata kama betri ni mpya. Vifunguliwe, visafishwe, vikazwe.

Kama betri na stata viko sawa, hofu ya kwamba "unaua stata" ni ndogo kuliko inavyosemwa. Injini huumia zaidi inapowashwa ikiwa ya baridi, oili yote ikiwa imeshuka chini. Ukiizima kwa dakika tatu kwenye mataa, oili bado imepaka kila mahali, na mstuko wa kuwashwa ni mdogo sana.

Hatua ya pili: anza na gari lililoegeshwa

Watu wakisikia habari ya kuzima injini wanafikiria mataa ya barabarani. Mimi nakushauri uanzie kwingine kabisa, kwa sababu mafuta mengi yanapotea gari likiwa limeegeshwa na dereva yuko ndani anaangalia simu. Umefika kumchukua mtoto shuleni na kengele bado robo saa. Umempeleka mama Kariakoo, amesema "nakuja sasa hivi". Uko nje ya benki. Uko chini ya mwarobaini unamsubiri mtu wa kiwanja. Hapo hakuna hatari ya barabara, hakuna wa kukupigia honi, na muda ni mrefu kuliko wa taa nyekundu yoyote. Zima, teremsha vioo, tafuta kivuli. Ukilifanya hili peke yake bila kugusa mengine yote ya mwongozo huu, tayari umeokoa sehemu kubwa.

Na asubuhi vilevile. Huna haja ya kuliacha gari la nozeli liungurume dakika kumi uani "lipate moto". Washa, funga mkanda, sekunde kama 30 zinatosha, ondoka taratibu na usilikamue dakika chache za mwanzo. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea.

Kuna jambo hapa ambalo si la fedha. Usiwashe injini ndani ya banda au gereji iliyofungwa, wala usilale ndani ya gari lililosimama huku umewasha AC. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hufa usingizini bila kujua kilichompata. Mwambie na kijana wako anayeosha gari.

Hatua ya tatu: jifunze kutambua kisimamo cha kuzima

Barabarani kazi yako ni kubashiri: nitasimama zaidi ya dakika moja, au chini? Ukizoea, utabashiri vizuri.

Vya kuzima bila kufikiri mara mbili ni foleni ya kivuko pale Magogoni, au Likoni kwa wenzetu wa Mombasa, geti la reli treni inapopita, mzani, ajali iliyofunga barabara mbele, na msafara wa viongozi. Trafiki akishasimama katikati, akafunga pande zote na pikipiki yenye king'ora ikapita, msafara wenyewe bado uko nyuma. Una dakika kadhaa.

Kwenye mataa inategemea. Penye taa za kuhesabu sekunde, soma namba: ikiwa juu ya 60, zima. Lakini makutano yetu mengi makubwa saa za asubuhi na jioni huongozwa na trafiki kwa mkono, na taa inabaki pambo. Hapo usiangalie taa, mwangalie yeye. Akiurudisha upande wako mkono wa kusimamisha na magari ya upande wa pili yakaanza kumiminika, mzunguko mpya umeanza, na mara nyingi ataupa kila upande dakika kadhaa kabla hajakurudia. Huo ndio wakati wa kuzima. Ukifika umekuta upande wa pili umeshatiririka muda mrefu na mkia wake unaonekana, usizime. Zamu yako iko karibu. Angalia pia bodaboda waliojipanga mbele. Wao hupita pale kila siku na wanaujua mzunguko huo. Wakizima na kuweka miguu chini wametulia, nawe zima. Wakianza kukanyaga kiki na kusogea, washa.

Kisimamo kisichofaa ni foleni ya kutambaa, ile ya kusogea mita tano, unasimama sekunde ishirini, unasogea tena. Ukizima na kuwasha humo utachosha betri, kwa sababu alteneta haipati muda wa kurudisha kilichochukuliwa na stata. Humo njia bora ni kuacha nafasi mbele yako, usogee taratibu na mfululizo bila kurukia kila upenyo. Na unapoiona taa nyekundu kwa mbali, toa mguu kwenye moto mapema gari likiwa ndani ya gia: injini ya nozeli hukata mafuta wakati huo, na unafika kwenye taa kwa mwendo uliokwisha kuulipia.

Hatua ya nne: namna ya kuzima

Gari la otomatiki, ufunguo wa kuzungusha. Gari limesimama kabisa na mguu wa kulia uko kwenye breki. Vuta breki ya mkono. Sogeza gia kutoka D hadi N na uishie hapo. Ukienda hadi P utapita R, taa nyeupe za rivasi zitawaka, na aliye nyuma yako atashtuka. Zima AC. Rudisha ufunguo hatua moja tu, kutoka ON hadi ACC. Injini itanyamaza. Papo hapo urudishe ufunguo kwenye ON bila kufika START. Taa ya oili na ya betri zitawaka kwenye dashibodi, na hiyo ni kawaida.

Kwa nini urudishe ON? Kwa sababu ukiacha ufunguo umezimwa, indiketa hazifanyi kazi, na mifuko ya hewa ya usalama haitafumuka ajali ikitokea. Ila kama kisimamo ni cha muda mrefu, mfano umeshapanda kivuko, zima kabisa. Na usiufikishe ufunguo LOCK ukiwa barabarani, usukani hujifunga.

Gari la gia za mkono ni jepesi zaidi: toa gia, vuta breki ya mkono, zima, rudisha ON. La kubonyeza swichi lina tabia zake. Mengine yanakubali kuwaka yakiwa N, mengine yanadai P kwanza. Jaribu uani kwako, ujue la kwako ni la namna gani kabla hujalizima kwenye mataa ya Mwenge.

Ukishazima usichezee breki. Injini ndiyo inayosaidia mguu wako kusukuma breki, na ikizimwa msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Kwa sababu hiyo usizime kamwe gari likiwa linatembea. Wapo madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili gari "lijiendee" na kuokoa mafuta. Watu wamekufa kwa tabia hiyo. Tena hakuna kinachookolewa, kwa kuwa gari la nozeli likiteremka ndani ya gia halitumii mafuta.

Feni ya ndani unaweza kuiacha kidogo. Hewa ya baridi iliyobaki hutosha dakika moja mbili. Kuhusu kuteremsha vioo, wewe unajua eneo ulipo. Pale ambapo vibaka huchomoa simu dirishani, acha vioo juu, na kama joto linakuzidi washa gari. Taa kubwa zizime ziachwe zile ndogo ili uonekane usiku, na redio ipunguzwe.

Hatua ya tano: kuwasha kabla hujahitajika

Kosa linalowafanya watu waichukie tabia hii ni kungoja kijani ndipo waanze kutafuta ufunguo. Washa mapema. Taa za kuhesabu zikibaki sekunde kumi, washa. Kwa trafiki, washa pale upande unaotiririka unapoanza kupungua. Mguu kwenye breki, gia ikiwa N au P, stata fupi, subiri injini itulie, tia D, shusha breki ya mkono, kisha washa AC ukiwa umeshaondoka. Baadhi ya magari hukataa stata ya pili mpaka urudishe ufunguo nyuma kidogo kwanza; ukiona kimya, usihangaike, rudisha nyuma kisha zungusha tena.

Likigoma kabisa, washa taa za hazadi mara moja. Jaribu tena likiwa P. Likigoma bado, omba msaada wa kulisukuma pembeni. Na kuanzia hapo usilizime tena barabarani mpaka fundi alione.

Mahali pa kuacha injini iwake

Kwenye mlima mkali na nyuma yako kuna lori. Usiku mahali usipopaamini. Mbele kabisa ya foleni kwenye makutano yasiyo na taa wala trafiki. Gari lenye historia ya kuchemsha, kwa sababu pampu ya maji husimama injini ikizimwa na moto unabaki umefungiwa. Na kwenye maji: mvua zikifurika Jangwani au kwingineko na maji yakafikia bomba la moshi, usizime. Ikizimika yenyewe ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Injini ikinyonya maji inapinda koni rodi, na hapo bei yake haifanani na mafuta yoyote uliyookoa.

Dizeli zenye tabo, na malori

Ukitoka kupanda mlima Kitonga au umekimbiza gari kwa muda mrefu, usizime ghafla. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa na ni ya moto sana, na oili inayoipoza hukatika injini ikizimwa. Iache dakika moja au mbili sailensi kwanza. Lakini katika foleni ya mjini au ya mpakani tabo imeshapoa, zima. Injini ya lori kubwa ikiwa sailensi hunywa karibu lita 3 kwa saa. Dereva anayelala Tunduma akisubiri kuvuka huku injini inaunguruma usiku kucha anamaliza zaidi ya lita 20 kabla hakujapambazuka.

Daladala na bodaboda

Costa nyingi hazizimwi kituoni kwa sababu moja tu: stata mbovu au betri iliyokufa, na konda amechoka kusukuma. Mwenye gari anaona amekwepa gharama ya stata, kumbe anailipa kidogo kidogo kila siku kwa dizeli. Tengenezeni stata, kisha kubalianeni na dereva kwamba gari likisubiri kujaza abiria linazimwa.

Bodaboda inakula kidogo ikiwa sailensi, lakini kuizima ni kazi ya kidole kimoja na kuiwasha si kazi kubwa. Kijiweni isiungurume kabisa.

Magari yanayojizima yenyewe, na haibridi

Demio, Nissan Note na Swift nyingi zinazotoka Japani zina mfumo wa kujizima kwenye taa na kuwaka unapoachia breki. Wengi tunalalamika kwamba mfumo huo "umekufa". Kabla ya kwenda kwa fundi, tazama betri. Magari hayo hutoka na betri maalumu zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85 juu yake, zilizotengenezwa kuvumilia kupigwa stata mara nyingi. Ikichoka, duka linakuuzia ya kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu na inaenea. Gari litawaka vizuri, lakini betri hiyo itachoka upesi, na kompyuta ikiona chaji haitoshi hukataa kuzima. Nunua yenye alama ile ile iliyoandikwa kwenye betri ya zamani.

Aqua na Prius hazihitaji mwongozo huu, zinajizima zenyewe. Jambo moja tu: mkisimama kwenye mataa msiweke N. Ikiwa N, betri kubwa haichajiwi. Bakini D na mguu kwenye breki, au P kama mnakaa sana.

Pima mwenyewe

Jaza tangi kwenye sheli moja, pampu ile ile, mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako wiki mbili kwenye njia zako za kila siku, jaza tena vilevile, kisha gawa kilomita kwa lita ulizoingiza. Halafu wiki mbili nyingine uzime injini kama tulivyoeleza, upime tena. Usichanganye na safari ya mkoa katikati, itaharibu hesabu. Kama huoni tofauti yoyote, pima upepo wa matairi na umwombe fundi aangalie plagi na chujio la hewa, kisha urudie kipimo upya.